Mbele ya pakiti na nyuma yake: tunawafundisha watoto kusoma upande gani?

Mwulize mtoto aliyefundishwa kusoma lebo ya chakula aangalie nini dukani. Huenda akakujibu harakaharaka: jina la bidhaa, jina la kiwanda, tarehe ya kuisha muda, alama ya ubora. Kamaliza. Orodha hiyo tunaijua wote, tumeiona kwenye mabango na kwenye vipeperushi vya maonesho, na hakuna kilichokosewa ndani yake.

Shida ni kwamba orodha hiyo inamfundisha mtoto kutafuta vitu kwenye pakiti. Kusoma ni jambo jingine. Ukisoma tangazo la kazi, barua ya mwenye nyumba au ujumbe wa simu unaosema umeshinda milioni tano, kitu cha kwanza unachojiuliza ni nani kaandika na anataka nini kwangu. Somo la lebo kama linavyotolewa mara nyingi linaliruka swali hilo, na nadhani hapo ndipo linapopwaya.

Pakiti moja, waandishi wawili

Shika pakiti yoyote ya kinywaji cha matunda. Mbele kuna embe kubwa linalodondosha maji, rangi za kuvutia, pengine katuni, na maneno kama "imeongezwa vitamini C". Nyuma, kwa herufi ndogo, kuna viambato na jedwali la virutubisho.

Pande hizi mbili zimeandikwa na watu wenye nia tofauti. Mbele, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya watu wa mauzo. Nyuma imeandikwa kwa sababu kanuni zinalazimisha. Tume ya Codex Alimentarius, iliyoundwa na FAO na WHO mwaka 1963, ina kiwango cha jumla cha lebo za vyakula vilivyofungashwa, na sisi Afrika Mashariki tuna chetu, EAS 38. Bila shuruti ya namna hiyo, sidhani kama kuna kiwanda ambacho kingejitolea kukuambia kwamba kwenye "embe" lake sukari inatangulia embe.

Na hebu tazama jina lenyewe. "Juisi ya embe" na "kinywaji chenye ladha ya embe" ni vitu viwili tofauti. Cha pili kinaweza kuwa maji, sukari, asidi ya sitriki, rangi na ladha, bila embe hata tone. Neno "ladha" ndilo linalobeba ukweli wote, na mara nyingi ndilo lililoandikwa kwa herufi ndogo. Mtoto aliyefundishwa "angalia jina la bidhaa" ataliona jina na kuendelea na safari. Aliyefundishwa kuuliza nani anasema nini atakwama kwenye hilo neno moja, na akikwama hapo ameshaanza kusoma.

Nikiri kwamba mbele si mauzo matupu. Alama ya TBS au ya KEBS ipo pale kwa sababu ya kanuni. Lakini nayo tunaifundisha nusunusu. Inamaanisha bidhaa imetimiza kiwango kilichowekwa kwa bidhaa ya aina hiyo. Haisemi kwamba inafaa kuliwa kila siku. Soda iliyotengenezwa vizuri inastahili alama ya ubora, na bado ni soda. Tarehe ya kuisha muda ni hivyohivyo: inakuambia kama biskuti bado ni nzima, haikuambii ule ngapi. Tukiishia kwenye alama na tarehe, tunamwachia mtoto imani kwamba kisichooza na kilichothibitishwa ni chakula bora.

Nyuma nako kuna mitego

Sasa tugeuze pakiti. Kanuni ya kwanza ambayo mtoto wa miaka tisa anaielewa bila shida ni hii: viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kinatangulia. Kwa hiyo biskuti inayoanza na unga wa ngano, kisha sukari, kisha mafuta ya mawese, imeshajieleza.

Ila mtengenezaji anaweza kuigawa sukari. Badala ya kuandika sukari tu, anatumia sukari kidogo, sharubati ya glukosi kidogo, dekstrosi kidogo, asali kidogo. Kila moja ni nyepesi, kwa hiyo kila moja inashuka chini kwenye orodha, na unga unabaki kinara. Ni ukoo mmoja uliokaa viti vya mbalimbali ili usijulikane ni wengi kiasi gani.

Mtego wa pili ni kipimo. Jedwali linaweza kutoa namba kwa kila gramu 100, au kwa "kiasi cha kula mara moja", na kiasi hicho mara nyingi anakipanga mtengenezaji. Biskuti mbili? Nani anakula mbili? Mfano rahisi ni soda ya kola ya kawaida, ambayo ina takriban gramu 10.6 za sukari kwa kila mililita 100. Kumi inaonekana ndogo. Chupa ya mililita 350 inakupa gramu 37, na kijiko cha chai cha sukari ni kama gramu 4. Hivyo ni vijiko tisa. Mwambie mtoto avipime kwenye glasi, vijiko vyote tisa, halafu usiseme kitu.

WHO, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, inashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na iliyomo kwenye asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu wa kilokalori 2,000 asilimia 10 ni gramu 50. Na hapa kuna mtego wa tatu ambao sijui kwa nini hatuuzungumzii: asilimia zinazochapishwa kwenye majedwali mengi zimepigwa kwa hesabu ya mtu mzima wa kilokalori hizo 2,000. Mtoto anayehitaji 1,600 kikomo chake ni gramu 40. Pakiti ina katuni kwa ajili ya mtoto, lakini hesabu yake ni ya baba yake.

Chumvi nayo hujificha nyuma ya jina la sodiamu. Tambi za dakika mbili zikiandikwa miligramu 800 za sodiamu, zidisha kwa 2.5 na utapata gramu 2 za chumvi. Kikomo cha WHO kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku nzima.

Mzigo tunambebesha nani?

Mpaka hapa mtu anaweza kusema: basi tuboreshe somo, tuweke hesabu za vijiko na sodiamu, yaishe. Ningekubali, kama isingekuwa kwamba tunamwomba mtoto azidishe, agawanye na atafsiri, mara nyingi kutoka Kiingereza ambacho hajakizoea, kwa herufi za kupima macho, akiwa na sarafu mkononi na wenzake wanamsubiri nje. Lebo ya namna hiyo hata sisi tunaosoma shahada za uzamili hatuimalizi kwa mwendo wa dukani.

Chile walilitazama tatizo hili kutoka upande mwingine. Sheria yao namba 20.606, iliyoanza kutekelezwa Juni 2016, inalazimisha alama nyeusi yenye pembe nane mbele ya pakiti, kwa Kihispania chepesi, ikisema bidhaa imezidi kwenye sukari, sodiamu, mafuta yaliyoshiba au kalori. Chini yake kuna jina la Wizara ya Afya. Yaani mwandishi wa nyuma ametolewa mafichoni akawekwa mbele, karibu na picha. Sheria hiyohiyo iliondoa katuni kwenye bidhaa zenye alama hizo na kuzuia zisiuzwe shuleni.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la PLOS Medicine ulikadiria kwamba manunuzi ya vinywaji vilivyostahili alama hizo yalishuka kwa karibu asilimia 24, yakilinganishwa na hali ambayo ingetarajiwa bila sheria. Tuwe waangalifu: alama, vizuizi vya matangazo na marufuku ya shuleni vilikuja pamoja, hivyo huwezi kuipa alama peke yake sifa zote. Kinachonivutia zaidi ni mahojiano ya vikundi vya akina mama yaliyofanywa na Teresa Correa na wenzake, yaliyochapishwa 2019. Baadhi ya akina mama walieleza kwamba watoto wao ndio waliokuja nyumbani kuwasahihisha, na shule ilikuwa na mchango mkubwa katika hilo. Watoto wanaweza kusoma lebo, tena mapema. Wanachohitaji ni lebo iliyoandikwa isomeke.

Hilo halifuti haja ya kufundisha. Linabadili tu namna ya kugawa kazi. Sheria ipunguze hesabu, mwalimu afundishe shaka.

Kuna jambo jingine ambalo mfano wa Chile hautusaidii. Mtoto wetu mara nyingi haioni pakiti. Kwa Mangi biskuti inatolewa kwenye paketi na kuuzwa mojamoja, mafuta yanapimwa kwa kibaba, na nje ya geti la shule kuna barafu za rangi, ubuyu na kashata kwenye vifuko visivyo na neno hata moja. Somo linalotegemea lebo peke yake linamwacha mtoto huyu bila kitu, tena mara nyingi ndiye ambaye nyumbani hakuna wa kumwambia. Anahitaji swali lilelile bila karatasi: hii imetengenezwa na nini, kipi ni kingi, nani ananiambia ni nzuri?

Ukiwa mwalimu, au mzazi, au kaka mtu unayetumwa dukani na mdogo wako, unaweza kuanza bila sheria yoyote mpya. Chukueni pakiti mbili za bidhaa ya aina moja. Zibeni mbele kwa karatasi. Msome nyuma tu, kwa gramu 100 kila moja, mlinganishe sukari na chumvi, mkisie ipi ina maneno mazuri zaidi mbele. Halafu mfunue. Mkikosea kukisia, zungumzeni kwa nini, na mkipatia pia. Kisha mwombe mtoto abuni lebo ya ule ubuyu wa getini: viambato kwa mpangilio wa uzito, vijiko vya sukari, na jina lisilodanganya. Atalazimika kwenda kumwuliza muuzaji.