Shauri la Koch juu ya Homa ya Mkojo Mweusi

Robert Koch, tabibu wa Kijerumani, alifika Dar es Salaam mwaka 1897, na mwaka 1898 akatoa hukumu yake juu ya homa ya mkojo mweusi. Alisema kwamba si malaria bali ni sumu ya kwinini, basi mgonjwa asipewe dawa hiyo.

Twasifu jicho lake. Aliona kwamba mkojo hugeuka mweusi mara nyingi baada ya kumeza kwinini, ilhali matabibu wengine walizidi kuitoa. Walakini hatuwezi kumfuata hata mwisho. Ugonjwa huu huwapata wenye malaria mwilini, hasa wamezao kwinini leo na kuiacha kesho. Chembe nyekundu za damu hupasuka, rangi yake ikashukia figo na kuzidhuru. Mkojo ukikatika kabisa, mauti yako karibu. Malaria imo, na dawa imo. Koch alishika moja akaitupa ya pili. Na homa ya pwani haikungoja ubishi wa matabibu: Bagamoyo, walikofika mapadre mwaka 1868, wengi wao walizikwa wangali vijana.

Jina nalo lina upungufu. Kijerumani husema maji meusi. Kiswahili husema mkojo, na ndivyo wazi zaidi. Lakini yote mawili hutaja dalili, wala si figo.

Baada ya vita vya 1939 hata 1945, klorokwini iliposhika mahali pa kwinini, ugonjwa huu ulipungua sana. Katika hilo Koch ana haki yake.