Heko kwa Vijana wa Kambi za Riadha

Kaunti za Kericho na Bomet nchini Kenya zina mashamba makubwa ya chai, lakini pongezi zangu ni kwa vijana wa kambi za riadha. Kambi nyingine ni nyumba ya mabati tu: wakimbiaji wanachanga unga, wanapika kwa zamu, na alfajiri wako barabarani kabla wachumaji hawajajaza vikapu. Aliyetangulia humvuta mdogo wake wa kijijini na kumwachia viatu.

Kambi ya Lemotit, kule Londiani, ndiko alikokulia kimchezo Beatrice Chebet. Mwaka 2018 alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 kwa walio chini ya miaka 20. Mwaka 2024, kwenye Olimpiki ya Paris, akatwaa dhahabu mbili, mita 5,000 na 10,000. Miaka 60 kabla yake, Wilson Kiprugut wa Kericho aliipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, Tokyo 1964.

Wengi hawatafika huko, wala si neno. Binti aliyepata mlo, wenzake na sababu ya kubaki shuleni amekwisha kufaidika. Serikali za kaunti, wapeni viatu, karo na uwanja usiogeuka tope masika.