Mamba Muntu na Jiwe la Hamburg

Wachapaji wa Ulaya wa karne ya 19 walipenda kulivika wazo mwili wa mwanamke. Haki walimpa mizani, Uhuru mwenge, Kilimo mganda wa ngano, na mtazamaji akajua la kusoma. Mamba muntu, au mamiwata, yule bibi wa maji aliyetundikwa katika sebule za Kongo, hakuanza hivyo. Katika miaka ya 1880 kiwanda cha Adolph Friedländer, Hamburg, kilichapa picha ya mchezesha nyoka: nywele ndefu, nyoka mmoja kiunoni, mwingine juu ya kichwa. Kazi yake ilikuwa kuita watu kwenye maonyesho, basi. Waliomgeuza istiari ni mafundi wa Afrika, na kwangu hiyo ndiyo kazi kubwa zaidi.

Simdharau mchapaji. Kuchora kinyumenyume juu ya jiwe la chokaa kwa kalamu ya mafuta, kulilowesha ili wino ushike penye mafuta tu, kisha kurudia yote hayo kwa jiwe jingine kwa kila rangi bila mistari kupishana, ni ustadi. (Bibi wa maji, kumbe, alizaliwa na ugomvi wa maji na mafuta!) Picha ikasafiri: mwaka 1955 Bombay ilichapa nakala 12,000 kwa ajili ya wafanyabiashara wa Kumasi. Lakini chapa ile haikuwa na mkia wa samaki, kioo wala kitana. Hivyo vimo katika michoro ya Kongo, mingi juu ya vitambaa vya magunia ya unga, pengine na saa mkononi. Ndivyo vinavyomfanya asomeke: anayepata kitu chake hutajirika, mradi afunge mdomo na aachane na wanawake wengine. Ukiwa Kisangani, huhitaji kufafanuliwa zaidi. Pale kwenye maporomoko ya mto, wavuvi Wagenia hutega mitego yao ya miti na vikapu mbele ya macho ya wote. Mali ya mamba muntu hutoka mto uleule, ila jasho lake halionekani.

Atakayesema huku ni kunakili tu akumbuke kwamba jiwe nalo lilitengenezwa kwa ajili ya nakala. Mhubiri atasema huyu ni shetani. Hapo yeye na mchoraji hawako mbali: wote wanaiogopa mali ya siri, ila mchoraji ameitundika mbele ya mwenye nyumba aitazame kila siku. Wengi wa wachoraji hao hutia sahihi kwenye kitambaa. Ukikutana na mamba muntu, soma jina hilo kwanza.