Msomaji wa Nondo

Mtego wenyewe ni sanduku la mbao, faneli, balbu ya zebaki na trei za mayai zilizopangwa ndani ili wageni wa usiku wapate pa kujisitiri. Jirani yangu huuwasha kwenye nyasi za nyuma ya nyumba yake, kusini mwa Uingereza, giza likiingia. Asubuhi, kabla ya chai, na kabla kile kindege chenye kifua chekundu hakijamtangulia kwenye kifungua kinywa cha bure, huwa ameshapiga magoti. Anainua trei moja moja kwa vidole viwili, kama mtu anayefunua kawa asitake mvuke umtoroke.

Mwanzoni nilidhani mzee ameanza kuchanganyikiwa. Kwetu nondo ni neno moja tu la wote wanaogonga taa ya barazani, na hata hilo moja tumelikodisha: ukitamka nondo, watu wanafikiria vyuma vya zege, au hoja nzito za msemaji fulani. Kumbe nchini kwake kuna aina zipatazo 2,500, na wanaotafuna nguo ni wachache mno kati yao. Wengine wote wanasingiziwa.

Msimu anaoupenda ni vuli. Si vuli yetu ya mvua. Ni ile ya majani kupukutika, ambapo nondo nao huja wakiwa wamevaa rangi za majani: njano iliyoiva, kahawia, kutu. Julai mtego hujaa hadi macho yanachoka. Oktoba wanaingia ishirini au thelathini, na kila mmoja anapata zamu yake ya kutazamwa. Zamani, ananiambia, watu hawakuhitaji umeme: walichemsha molasi, sukari na bia hadi ikawa uji mzito, wakatia rum kidogo, wakapaka kwenye magome jioni na kurudi na taa ya mkononi.

Asubuhi moja alinionyesha yule aitwaye Merveille du Jour, yaani ajabu ya siku. Ni wa kijani chenye madoa meusi, rangi ya kuvu inayoshika magome ya mwaloni. Alimweka juu ya gome, nikapepesa macho, nikampoteza. Mzee akacheka kimyakimya, kisha akanisubiri nimtafute mwenyewe. Ilinichukua dakika nzima.

Lakini kilichonifanya nimheshimu ni wale wa kijivu, nondo wa Novemba. Ziko aina kadhaa zinazofanana kiasi kwamba hazitenganishiki kwa hakika bila kumpasua mdudu na kumchungulia kwa hadubini. Mzee hapasui. Anaandika jina la kundi lote, basi. Miaka yote hii ya kuinama, na bado anakubali kuandika kwa wino kwamba hapa ujuzi wangu umefika ukingoni. Mjukuu wake alipokuja alielekeza simu, programu ikataja jina moja bila kusita, kijana akaondoka kabla nondo hajakunja mbawa. Mzee hakusema kitu. Alifuta miwani.

Septemba moja alinigongea mlango saa moja asubuhi. Kwenye trei alikuwa amelala nondo mkubwa wa kijivu, upana wa kiganja, tumbo lake lina mistari ya waridi na myeusi. Hufika huko karibu kila mwaka akitokea kusini, wengine wakiwa wamevuka Mediterania. Mzee akafungua kitabu anionyeshe kiwavi wake: mnene, mwenye pembe mkiani. Nilishtuka. Huyo namjua! Bibi alikuwa akitutuma asubuhi kwenye matuta ya viazi vitamu tuwaokote kabla hawajamaliza matembele, nasi tuliwatia kwenye kopo huku tukipiga kelele za kuogopa ile pembe isiyochoma. Mamia tuliwaua. Hakuna hata mmoja wetu, wala bibi, aliyewahi kujiuliza mama yao anafananaje. Ilibidi nivuke bahari ndipo nitambulishwe kwa mdudu wa shambani kwetu.

Kituo cha utafiti cha Rothamsted kilianza kuhesabu nondo kwa mitego ya taa miaka ya 1930, na tangu 1968 mitego ya namna hiyo imetandazwa nchini, mingi ikiangaliwa na watu wa kujitolea. Ripoti ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba nondo wakubwa walipungua kwa theluthi moja katika nusu karne. Mzee hakuhitaji ripoti, ana madaftari. Mtaani petu bustani tatu zimesakafiwa ili magari yapate pa kulala, na taa za ukutani zinawaka usiku kucha zikimulika zege. Mitego ipo zaidi, naona, isipokuwa haina trei, wala hakuna wa kuifungua asubuhi.

Mwaka huu magoti yamemgomea. Ijumaa iliyopita aliketi kwenye kiti cha jikoni katikati ya nyasi, mimi nikainua trei, yeye akitaja na mimi nikiandika: nondo wa Novemba, kundi, wanne. Kumi na wawili kwa jumla. Balbu ilikuwa imeungua wakati fulani usiku, na hizo za zebaki siku hizi ni adimu madukani. Kabatini kwake imebaki moja.