Sanamu Ijiendeshayo: Kutoka Kashekesheke hadi Roboti ya Barabarani

Neno «roboti» lilianza kutumika katika tamthilia ya Karel Čapek ya mwaka 1920, kutokana na neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shokoa. Katika nchi iliyoonja shokoa ya mpira na ya pamba, jina hilo halifai kupokewa bila kutafakariwa.

Roboti mbili za kwanza zilizosimikwa barabarani Kinshasa mwaka 2013 ni kazi ya mhandisi Thérèse Izay na wenzake wa shirika la Women Technology. Baadaye Lubumbashi nayo ilipata zake. Zina urefu wa karibu mita 2.5, mwili wa alumini usiodhurika upesi kwa mvua na jua, paneli za nishati ya jua, kamera, na taa nyekundu na kijani. Kifua hugeuka, mikono huinuka na kushuka. Magazeti mengi yalizistaajabia kama muujiza, na hapo ndipo uhakiki ulipopotea njia, kwani muujiza hauna fundi. Swali lililopaswa kuulizwa ni jepesi: ikiwa taa peke yake ingetosha kusimamisha magari, kwa nini mabega, viwiko na kiuno viundwe? Jibu limo katika ishara. Dereva wa Kongo amezoea kuusoma mwili wa askari kabla ya kuisoma taa, na fundi ameitafsiri lugha hiyo kwa chuma. Mikono ndiyo ushindi wa kazi hii. Uso, kinyume chake, haukupewa uangalifu huo. Umebaki kifuniko tu.

Mwanafunzi wa Katoto, mjini Kamina, asidhani kwamba sanamu inayotembea ni jambo geni lililoletwa na betri. Waluba wana kashekesheke, kifaa kidogo cha ubashiri kilichochongwa kwa mti, chenye kichwa cha mwanamke na kiwiliwili chenye uwazi. Mganga na mteja hukishika pamoja kwa vidole, kikasuguliwa juu ya mkeka au kigoda. Swali likiulizwa, mwendo wake ndio jibu. Mpenzi wa mitambo atapinga kwamba hicho hakijiendeshi. Ni kweli, hakina gurudumu wala waya. Lakini wanaokishika hawadai mwendo huo kuwa wao, na mchongaji alijua hivyo alipokipa uso uliotulia, wenye kusikiliza, badala ya mikono ya kuamrisha.

Tofauti hii ina uzito kuliko ile ya mti na alumini. Kashekesheke haisogei mpaka iulizwe. Roboti husogea kwa zamu iliyopangwa, na kamera zake hupeleka picha mahali ambapo mwenda kwa miguu hapaoni. Mafundi watakaoiunda upya wangefanya vema kuanzia usoni.