Urefu wa Kasiba katika Bunduki ya Skiti

Mtu anunuaye bunduki ya marisau kwa ajili ya skiti, mchezo wa kuvunja visahani vya udongo virushwavyo hewani, huulizwa mapema kama ataka kasiba ya inchi 26, 28, 30 au 32, na jawabu lake aghalabu hutoka katika dhana ya kale kwamba kasiba ndefu hupeleka marisau mbali zaidi na kwa nguvu zaidi. Dhana hiyo ilikuwa na haki yake zama za baruti nyeusi, ambayo iliungua taratibu ikahitaji nafasi ndefu ndani ya chuma ili itoe nguvu zake zote. Lakini baruti ya sasa isiyo moshi humaliza sehemu kubwa ya kazi yake karibu na mwanzo wa kasiba, na kila inchi inayoongezwa huko mbele huzidisha mwendo wa marisau kwa kadiri ya futi 5 hadi 10 tu kwa sekunde.

Na tufanye hisabu yake uwanjani penyewe. Mlengaji asimamaye katika kituo cha 4, katikati ya nusu-duara ya vituo vya kupigia, hupiga kisahani cha udongo kinachokatiza mbele yake kwa umbali wa mita 19 na kitu, kikienda kadiri ya mita 20 kwa sekunde. Marisau yakienda kwa wastani wa mita 330 kwa sekunde hufika kwa sekunde 0.058, na katika muda huo mfupi kisahani kimekwisha sogea mita 1.16, ndiyo maana mlengaji hana budi kuutanguliza mdomo wa bunduki mbele ya shabaha yake. Sasa tumpe kasiba iliyozidi kwa inchi 4, na tumkirimie futi 10 kamili kwa kila inchi: masafa ya kutanguliza yatapungua kwa sentimita 4 hivi, na hali wingu la marisau lina upana wa sentimita 75 au zaidi. Hapana mlengaji duniani, hata awe hodari namna gani, awezaye kuihisi tofauti hiyo. Kuenea kwa wingu lenyewe nako hutawaliwa na mbano ulio mdomoni mwa kasiba, wala urefu hauna amri juu yake.

Basi urefu hufanya nini? Huamua jinsi bunduki inavyokubali kugeuzwa, na jinsi inavyokataa kusimama ikishageuzwa. Ukaidi wa uzito dhidi ya mzunguko hukua kwa mraba wa umbali wake kutoka kwenye mhimili, hata gramu moja iliyo sentimita 70 mbele hushinda kwa ukaidi mara 49 gramu iliyo sentimita 10. Katika bunduki ya kasiba mbili zilizopandana, inchi 2 za chuma karibu na mdomo zaweza kuwa na gramu 60 hadi 80. Mizani ya dukani haioni jambo kubwa, lakini mkono wa mlengaji huliona mara moja. Nami naona kwamba hapa ndipo kiini cha shauri lote kilipo, kwani taksiri iliyo kubwa kuliko zote katika skiti ni kuusimamisha mkono wakati wa kufyatua, jicho likitaka kuhakikisha, bunduki ikadumaa, na marisau yakapita nyuma ya kisahani. Kasiba ndefu, kwa ule ukaidi wake, humlazimisha mtu kuendelea na mwendo aliouanza, na huyasawazisha mabadiliko madogo ya mkono wenye wasiwasi.

Ikiwa faida hiyo ni dhahiri hivyo, yastahili kuulizwa kwa nini walengaji wa skiti walishikilia inchi 26 kwa miaka mingi. Sababu imo katika asili ya mchezo. Skiti ilizaliwa Andover, katika jimbo la Massachusetts, Marekani, ambako Charles Davis na wenziwe, akiwamo William Harnden Foster, walitafuta namna ya kujizoeza kuwinda ndege nje ya msimu. Walichora duara la yadi 25 kutoka katikati hadi ukingoni, wakapiga kutoka pembe zake zote kama saa izungukavyo, mpaka jirani alipoanzisha ufugaji wa kuku upande mmoja, wakalikata duara likawa nusu na kuweka mtambo wa pili wa kurusha visahani. Foster alipoutangaza mchezo huo katika 1926, walioupokea walikuwa wawindaji wa misituni, na bunduki waliyokuja nayo ilikuwa fupi, iliyokusudiwa kupenya matawi na kuinuliwa ghafula ndege arukapo. Hakuna aliyekaa akaichagulia skiti inchi 26; ilirithiwa pamoja na mchezo.

Zama zile zile, mjini London, fundi Robert Churchill aliwashawishi wengi kwa kasiba zake za inchi 25, akisifu wepesi wake. Lakini tazama alivyofanya: juu ya kasiba aliweka ubapa wa chuma ulioinuka na kuzidi kuwa mwembamba kuelekea mdomoni, ili jicho lidanganyike lione urefu ambao haupo. Huo kwangu ni ushahidi mzito, kwa kuwa hata bingwa wa ufupi alijua kwamba jicho hutaka mstari mrefu wa kufuata.

Mchezo ulipoachana na uwindaji, urefu ulianza kurudi. Katika kanuni za Marekani mlengaji aliruhusiwa baadaye kuiweka bunduki begani kabla ya kuita kisahani, na mtu ambaye bunduki yake imekwisha tulia begani hahitaji tena wepesi wa kuinua. Anachohitaji ni utulivu wa mzunguko, kwa hiyo inchi 30 na hata 32 zikapata wafuasi. Skiti ya Olimpiki, iliyoingia michezoni Mexico City katika 1968, imeshika sharti la kitako kukaa chini karibu na nyonga, na kisahani chaweza kucheleweshwa hadi sekunde 3 baada ya kuitwa. Hapo kasiba ndefu hudai malipo yake, maana sharti iinuliwe na kugeuzwa kwa pamoja. Kituo cha 8, kilicho katikati ya vibanda viwili vya kurushia visahani vilivyotengana kwa mita 36.8, ndicho kinachotajwa na watetezi wa ufupi, kwa kuwa kisahani huja karibu kuelekea kwa mlengaji naye sharti akivunje kabla hakijampita. Hoja yao ina uzito, ila wanasahau kwamba mzunguko wa bunduki hapo ni mdogo, na kwamba vituo vya 3, 4 na 5, vyenye visahani vinavyokatiza kwa upana, ndivyo vinavyokula alama za wengi.

Liko jambo jingine linalowapotosha wanunuzi. Bunduki ijijazayo yenyewe, kama Remington 1100 ya 1963 iliyouzwa kwa skiti na kasiba ya inchi 26, ina mwili mrefu wa mitambo nyuma ya kasiba, hata urefu wake wote hukaribia ule wa bunduki ya kasiba mbili zilizopandana zenye inchi 29 au 30. Ahamaye kutoka ya kwanza kwenda ya pili akashika inchi 26 kwa mazoea, amejipunguzia urefu bila kukusudia. Kadhalika mafundi hufanya kuta za kasiba ndefu kuwa nyembamba zaidi, hata inchi 30 za mmoja zikawa nyepesi mdomoni kuliko inchi 28 za mwingine. Kwa hiyo kabla ya kusoma namba iliyochorwa kwenye chuma, mnunuzi na aitegemeze bunduki juu ya kidole chini ya bawaba yake, aone inainamia wapi na kwa kiasi gani, kisha aiinue begani mara nyingi kwa mkono uliochoka kidogo. Kwa mtu wa kimo cha wastani atakayeinua kutoka nyongani ningechagua inchi 28 au 30 yenye kuta nyembamba. Kwa yule anayetanguliza bunduki begani, 30 bila kusita, na 32 kama mabega yake yanaimudu hadi kisahani cha 25.