Kufumba Jicho na Kuvunja Jicho: Riwaya Tatu za Maisha ya Chuo Marekani

Mithali ya Kiswahili yasema kwamba ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Wako wasemao fumba, na wako wasemao vunja. Kwa msikilizaji wa haraka tofauti hii ni ya neno moja tu; kwa mwenye kufikiri ni tofauti kubwa. Jicho lililofumbwa hufumbuliwa mgeni arudipo kwao, na nuru yake huwa ni ile ile. Jicho lililovunjwa halina marejeo. Shida ya mgeni ni kwamba siku anapoingia katika mji wa wenye chongo hajui bado ni lipi kati ya mambo hayo mawili atakalolitenda, na mara nyingi hulitambua baada ya kulitenda.

Shida hiyo ndiyo kiini cha riwaya za Kimarekani zinazosimulia maisha ya vyuo vyenye sifa ya michezo na karamu. Katika vyuo hivyo kijana huingia kwa cheti cha masomo, lakini cheti kikishampitisha mlangoni hakimfai tena mezani, bwenini wala uwanjani. Huko hupimwa kwa mizani nyingine: nguvu za mwili, mavazi, ustahimilivu wa ulevi, jina la ukoo, na wepesi wa kucheka pale wenzake wanapocheka. Riwaya tatu zafaa kusomwa pamoja katika jambo hili: Stover at Yale ya Owen Johnson, iliyotoka mwaka 1912, This Side of Paradise ya F. Scott Fitzgerald, ya mwaka 1920. Na I Am Charlotte Simmons ya Tom Wolfe, ya mwaka 2004. Zote tatu zailaumu mizani hiyo. Walakini riwaya haihukumiwi kwa lawama zake peke yake. Yapasa kutazamwa mwishoni humpa nani tuzo, na tuzo yenyewe yatoka mkononi mwa nani.

Mizani hiyo haikubuniwa na waandishi. Chama cha siri cha Skull and Bones kilianzishwa Yale mwaka 1832. Mchezo wa kwanza wa mpira baina ya vyuo viwili vya Marekani ulichezwa mwaka 1869 kati ya Rutgers na Princeton, na katika miaka iliyofuata mpira wa Kimarekani, ule unaochukuliwa mikononi, ukawa ibada ya vuli. Ukali wake ulizidi hata mwaka 1905 Rais Theodore Roosevelt akawaita wakuu wa mchezo kutoka Harvard, Yale na Princeton waje kuzungumza naye juu ya kuurekebisha. Princeton nako wanafunzi wa miaka ya juu walikula katika klabu zilizochagua wanachama wao, na asiyechaguliwa alijulikana kuwa hakuchaguliwa. Woodrow Wilson, alipokuwa mkuu wa chuo hicho, alijaribu mwaka 1907 kuziondoa klabu hizo na kuwakusanya wanafunzi wote katika makazi ya pamoja, akashindwa. Mtu huyo baadaye alipata urais wa Marekani, lakini meza za chakula za vijana zilimshinda.

Katika kitabu cha Johnson, kijana Dink Stover afika Yale na sifa ya mpira aliyoipata shuleni. Mara anafunzwa na mwanafunzi aliyemtangulia kwamba achague rafiki zake kwa hadhari, kwa kuwa macho ya watoa vyeo yamtazama tangu siku ya kwanza. Stover ayasikiliza mafunzo hayo, na mwili wake wamsaidia kuyatimiza: uwanjani ni hodari, na sifa yamjia bila kuitafuta sana. Kisha akutana na watu wa namna nyingine. Yuko Regan, mtu mkubwa wa umri na umbo, anayefanya kazi ili alipe gharama za masomo yake, asiye na haja ya kibali cha mtu. Yuko Brockhurst, anayesema waziwazi kwamba chuo kimekuwa kiwanda cha kutoa watu wa namna moja. Stover aanza kuona haya kwa kufuata njia aliyochorewa; avunja uhusiano na chama chake, na kwa muda aonja upweke wa mtu aliyejitenga.

Sehemu hii ya kati ndiyo yenye nguvu katika kitabu. Johnson aeleza kwa ufasaha jinsi hofu ya kutochaguliwa inavyomfanya kijana mwenye akili apime maneno yake mbele ya wajinga. Lakini siku ya uchaguzi inapofika, siku ambayo wakubwa hupita katikati ya wanafunzi wakimpiga bega kila mteule, mkono waanguka juu ya bega la Stover, naye aingia Skull and Bones. Mwandishi ataka msomaji aone kwamba haki imetendeka: chama kimemheshimu mtu aliyethubutu kukipinga. Hapo ndipo hoja ya kitabu inapodhoofika. Ikiwa uasi wa Stover ni bora kwa sababu hatimaye chama kilimkubali, basi chama bado ndicho hakimu. Stover alifumba jicho, akalifumbua, kisha akashukuru aliposifiwa na wenye chongo kwa uzuri wa jicho lake. Na Regan je, asiyetaka kusifiwa? Kitabu chamheshimu, lakini chamweka kando ya njia, kama nguzo ya kumwonyesha Stover mwelekeo.

Fitzgerald alizijua habari hizi kwa mwili wake mwenyewe. Aliingia Princeton mwaka 1913, akatamani mpira na hakufua dafu, akapata sifa kwa michezo ya kuigiza ya chama cha Triangle, akaingia klabu ya Cottage, akaanguka katika masomo, na mwaka 1917 akaondoka kwenda jeshini bila shahada. Shujaa wake, Amory Blaine, apita karibu na njia hiyo hiyo. Aja na tamaa ya mpira, goti laumia. Ageukia gazeti la chuo na maigizo, na kwa hesabu ya werevu apanda ngazi hadi klabu anayoitaka. Kisha anguko moja katika mtihani wa hesabu lampotezea vyeo alivyovikusanya. Jambo la kustaajabisha ni kwamba halii sana. Agundua kwamba vyeo vile havikuwa sehemu ya nafsi yake. Vilikuwa nguo tu.

Ustadi wa Fitzgerald waonekana zaidi katika habari za Dick Humbird. Huyu ndiye mfano wa muungwana machoni pa Amory: mavazi yake hayana dosari, maneno yake hayana papara, na kila kundi humpokea. Amory amwona kama mtu aliyezaliwa katika ungwana. Baadaye asikia kwamba baba yake Humbird alikuwa karani wa duka la vyakula, akatajirika kwa biashara ya ardhi huko Tacoma. Kwa hiyo kioo ambamo mgeni alijitazama ili ajifunze uenyeji kilikuwa chenyewe kimeletwa na mgeni. Na Humbird huyo afa usiku mmoja katika ajali ya motokaa, wakati vijana wanaporudi kutoka starehe na ulevi wa New York. Fitzgerald hahubiri hapo. Amlaza maiti tu, na kuwaacha wenzake waitazame miguu iliyokuwa jana ikitembea kwa madaha.

Princeton wenyewe hawakuipenda picha hiyo. Mkuu wa chuo wa wakati ule, John Grier Hibben, alimwandikia Fitzgerald barua mwaka 1920 akisikitika kwamba chuo kilionekana kama klabu ya starehe ambamo vijana hupitisha miaka minne. Malalamiko yake yaeleweka, lakini hayakigusi kitabu mahali penye uzito. Fitzgerald hakuandika kwamba starehe zilikosa utamu. Aliandika kwamba zilikuwa tamu sana, na kwamba utamu huo ndio uliowafanya vijana werevu watumie akili zao zote katika kutafuta kiti cha kulia chakula. Hata uasi wa Burne Holiday, anayewashawishi wanafunzi wengi wajiuzulu katika klabu, Amory autazama kwa heshima bila kujitupa ndani yake. Mwisho wa kitabu wamkuta hana klabu, hana mali, hana mchumba. Anachodai kukijua ni nafsi yake tu. Madai hayo yana majivuno ya ujana, na msomaji yuko huru kuyatilia shaka. Lakini tuzo hiyo, ndogo kama ilivyo, haikutoka mkononi mwa wenye chongo.

Katika vitabu hivyo viwili mwanamke ni wa kutembelewa, kuchumbiwa au kukumbukwa. Yale na Princeton hawakuwapokea wasichana katika shahada ya kwanza hadi mwaka 1969. Ilipasa vizazi vipite kabla riwaya ya chuo cha namna hii kumweka msichana katikati, na ndivyo alivyofanya Wolfe. Charlotte atoka Sparta, mji mdogo wa milimani katika North Carolina, apata ufadhili wa masomo, na kwenda Dupont, chuo ambacho Wolfe alikibuni na kukipa utukufu wa vyuo vikongwe pamoja na timu ya mpira wa kikapu inayotukuzwa nchi nzima. Aja akidhani kwamba atakuta watu wenye kiu ya elimu. Akuta karamu, ulevi, na vijana wanaoona haya kuonekana wamesoma.

Wolfe afungua kitabu kwa habari ya kubuni ya mwanasayansi aliyewapasua paka ubongo na kuwaondolea sehemu inayotawala hisia, wakapoteza kiasi. Ajabu ni kwamba paka wengine, wazima, waliowekwa mahali pa kuwatazama, nao wakaanza kutenda vile vile. Riwaya nzima ni ufafanuzi wa jambo hilo. Tendo lake bora ni dogo: katika darasa la fasihi ya Kifaransa, Jojo, mchezaji mashuhuri wa kikapu, aanza kutoa jibu la akili juu ya Madame Bovary, kisha awaona wanamichezo wenzake wakimtazama, naye alimeza jibu na kujifanya mjinga. Mtu mrefu kuliko wote darasani ainama ili asionekane. Charlotte amkemea, na makemeo hayo yamwamsha Jojo hata akaenda kujiandikisha kusoma habari za Socrates. Lakini aliyeamsha ndiye anayelala. Charlotte ajitoa kwa Hoyt, kijana wa chama cha udugu wa wanafunzi, kwa kutaka kuonekana mmoja wao. Adhalilishwa na kutangazwa. Alama zake zaanguka, naye azama katika huzuni.

Dosari za Wolfe si chache. Arudia matusi ya vijana hadi yapoteze maana, na ujinga wa Charlotte juu ya dunia wazidi kiasi kwa msichana hodari wa zama zake. Pamoja na hayo, mwisho wake wawazidi wenzake kwa ujasiri. Charlotte apona, awa mpenzi wa Jojo, mtu wa kuonewa wivu chuoni, ameketi uwanjani kati ya maelfu. Umati wapiga makofi, naye akumbuka kwamba macho yako juu yake na kwamba inampasa kushangilia pamoja nao. Kwa mizani ya chuo ameshinda ushindi mkubwa kuliko wa Stover. Kwa mizani ya msichana aliyetoka milimani, hakuna kilichobaki. Johnson angeliandika tukio hilo kama sherehe. Wolfe aliandika kama kilio, bila kumruhusu Charlotte kulia.

Riwaya hizi zikipimwa pamoja, hukumu yafuata yenyewe. Johnson aliuona ugonjwa kwanza, lakini aliutibu kwa dawa iliyotoka katika chungu cha ugonjwa ule ule. Fitzgerald alimwokoa mtu wake kwa kumnyang'anya, akaonyesha kwamba kushindwa katika mizani ya uongo kwaweza kuwa mwanzo wa kufumbua jicho. Wolfe alionyesha jambo ambalo wote wawili hawakuthubutu: kwamba mtu aweza kupokelewa kabisa, akakosa upweke, akapendwa, na bado akawa amepotea.

Wala haifai kusomwa hapa kwamba kila ashangiliaye uwanjani amevunjika. Mpira si dhambi, na karamu si msiba. Mgeni asiyecheza wala kucheka na wenyeji wake hujinyima pia sehemu ya elimu. Jojo hakuacha kikapu alipoanza kumsoma Socrates. Kosa ambalo riwaya hizi zalifunua ni la jibu lililokuwa mdomoni likamezwa kwa sababu ya macho ya wenzake. Mwanafunzi anayeweza bado kulitoa jibu hilo kesho, jicho lake limefumbwa tu. Yule ambaye halijui tena jibu alilolimeza ndiye aliyesemwa na wale wasemao vunja.